Mama Mkwe Adai Namfukuza kwa Injini

Mshauri wangu mpendwa, naomba unishike mkono kabla nyumba haijanishinda, maana mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao na mama yake, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamtegemea aje kutusaidia na mtoto, ameapa hakanyagi tena kwangu, na chanzo cha yote ni rimoti. Mimi ni mwalimu wa udereva, gari nalipenda, sikatai, na juzijuzi nilifunga kile kifaa cha kuwasha injini ukiwa mbali, yaani unabonyeza tu ukiwa ndani kwako na huko chini gari linaunguruma lenyewe, kiyoyozi kinaanza kazi, ukishuka unakuta ubaridi wa kupendeza. Tatizo tunakaa ghorofa ya tatu na mawimbi yanalifikia gari ukiwa sehemu moja tu ya nyumba, nayo ni dirishani, nyuma ya kochi, na kochi lenyewe ndilo analopenda mama mkwe, kwa hiyo kila nikitaka kuwasha inabidi niinuke, niiname juu ya kichwa chake, niibane rimoti chini ya kidevu changu, kwa sababu mwenzangu kazini alinihakikishia kwamba kichwa cha mtu kinasaidia kusukuma mawimbi, na kweli kinasaidia, kisha nabonyeza. Mshauri, nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili yake, ana presha na joto linamtesa, na mimi ndiye humrudisha kwake, nikasema acha akute gari limeshapoa. Mara ya kwanza alikuwa katikati ya kutusimulia habari za dada yake aliyelazwa, injini ikaunguruma, akaniangalia, akasema, "Asante mwanangu, nimeelewa," akachukua mkoba, chai akaiacha nusu, nami nikajua amefurahishwa na teknolojia. Mara ya pili ikawa vilevile, na mara ya tatu alikuwa ndiyo kwanza anakaa, ingawa siku hiyo niliwasha mapema kidogo kwa sababu mpira ulikaribia kuanza. Sasa amempigia mwanawe simu na kumwambia, "Mumeo ana adabu sana, hanifukuzi kwa mdomo, ananifukuza kwa injini," na mke wangu amefungasha mabegi anataka kwenda kujifungulia kwa mama yake, nikimuuliza na mimi je, ananijibu, "Wewe baki na gari lako, likubembelezee usingizi." Swali langu ni hili, nasikia kuna antena zenye nguvu zaidi, je, nikinunua moja nikawa nawashia jikoni ambako hanioni, mambo yatatulia?

Mwalimu wa Udereva, Ghorofa ya Tatu

JIBU

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikamwonea huruma mkeo. Mtu mzima amekaa kwenye kochi anaeleza ugonjwa wa dada yake, wewe unamsimamia utosini na rimoti kidevuni, huko chini injini inaunguruma. Ulitaka aelewe nini? Hata dereva wa teksi hupiga honi akiwa barabarani, hapandi hadi sebuleni.

Unasema ulimhurumia na joto. Nakuamini, kwa zile mara mbili. Ya tatu ulitaka kuangalia mpira, na umejisema mwenyewe bila kuulizwa. Lakini barua nzima sijaona mahali ulipofungua mdomo ukamwambia, "Mama, nakupozea gari, wala usiwe na haraka." Wanafunzi wako unawafundisha kuwasha indiketa kabla ya kukata kona, na wewe umekata bila indiketa mara tatu, tena mbele ya mkweo.

La antena nimemuuliza fundi umeme wa magari. Usinunue kitu. Badilisha betri ya rimoti, kisha aliyekufungia aitoe antena huko chini ya dashibodi alikoificha kwenye vyuma, aibandike juu kabisa ya kioo cha mbele. Utawashia jikoni, utawashia bafuni ukitaka. Na mama mkwe atasikia palepale kwenye kochi, kwa sababu masikio yake ni mazima.

Sasa nisikilize vizuri. Kesho nenda kwake, na gari liache nyumbani. Panda basi, ufike na jasho lako, ukae, usikilize ile habari ya mgonjwa mpaka mwisho, maana hadi leo hujui kama alipona. Omba radhi, na ile habari ya mpira usiiruke. Mwambie mwanawe anamhitaji na wewe unamhitaji zaidi, kwa kuwa mtoto mchanga hana rimoti.

Siku atakapokuja, kabla hata hajakaa, mkabidhi hiyo rimoti mkononi, mwonyeshe kitufe, mwambie safari ya kumrudisha kwake itaanza siku atakayobonyeza yeye. Na akikaa miezi mitatu bila kubonyeza, usithubutu kumuuliza kama betri imeisha.