Mchumba wa Wamaza na Mashini Yake

Kabambare

Kaka yangu Ramazani,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa Mama umepata nafuu tangu mvua zipungue. Mimi sina ugonjwa, ila nimechoka na matope, na zaidi nimechoka na watu.

Ujumbe wako ulinifika. Unasema Bwana Idi wa Wamaza amekuja nyumbani kuniposa, kwamba ni mtu wa heshima, ana mashini ya kukoboa mpunga, haachi sala, na kwamba mwanamke wa umri wangu asichague sana. Usilojua ni kwamba serikali ilinituma kwake kabla yako. Mwanamke mmoja, Mama Asina, alileta malalamiko kwenye biro yetu, ofisi ya ukaguzi wa kazi, nami nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda kukagua. Mama huyo huzoa pumba chini ya mashini ya huyo mchumba wenu. Mkanda unaoizungusha haukuwa na kifuniko. Ulinasa kitambaa chake cha kichwa, ukamvuta, ukamng'oa nywele pamoja na ngozi.

Bwana Idi, ambaye kumbe alikwisha kuongea nanyi, alinipokea kana kwamba nimekuja kupimwa nguo za harusi. Kuku, wali, kiti kimetandikwa kitambaa. Nyuma yake mkanda unapiga kelele, wanawake wanapita karibu nao na mabeseni kichwani, watoto mgongoni, naye ananimiminia chai.

"Mambo ya serikali tutaongea kesho, muke wangu," akasema mbele ya wafanyakazi wake.

"Mimi ni inspekta. Mama Asina aliumia namna gani?"

"Ule? Iko na haraka sana. Mashini haina macho. Lakini mimi niko na huruma, nilimupatia sabuni."

Sabuni, kaka! Mtu amechunwa kichwa, anapewa sabuni.

Nikamwambia asimamishe injini. Akacheka, akawatazama watu wake ili wacheke naye.

"Simamisha wewe."

Nikaenda nikafunga bomba la mazutu, dizeli ya injini, kwa mkono wangu. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na kicheko nacho kikanyamaza. Nikawatoa watu wote, nikatia kufuli mlangoni.

Jioni shefu wangu, mjivuni mwingine, akanipigia simu kutoka Kasongo. "Madamu, ule ni mutu wetu. Fungua."

"Ndiyo, shefu. Niandikie amri, utie sahihi."

Akakata simu. Hao ndio wakubwa wetu: mdomo upo, mkono wa kutia sahihi haupo.

Bwana Idi alinuna siku mbili, kisha akaita seremala. Mbao, misumari, kipande cha wavu wa waya. Kabla ya adhuhuri kifuniko kilikuwa tayari. Asubuhi moja tu! Kichwa cha mama wa watu kimeharibika kwa kukosa kazi ya asubuhi moja. Afadhali angekuwa mtu mkatili, ningemchukia vizuri. Ni mvivu tu, mvivu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Nilipofungua kufuli, Mama Asina alikuja akasimama nje, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe.

"Karibu ndani, mama. Wameufunika mkanda."

"Naona, mutoto wangu. Lakini miguu inakataa."

Akageuka akaenda zake.

Na jana huyo bwana ametuma mtu kunieleza kwamba amenisamehe, na kwamba nikiacha kazi hii ya kuzungukazunguka, bado yuko tayari kunioa. Amenisamehe! Kaka, wewe uliyekaa naye barazani ukamwita mtu wa heshima, je, uliwahi hata kuuliza wanaomfanyia kazi wanarudije nyumbani?

Nisalimie Mama, umkande mgongo kwa niaba yangu. Msalimie wifi yangu, mkeo, na shangazi yetu muuza mawese, ambaye najua atacheka akisomewa haya.

Jibu langu kwa Bwana Idi ni hapana. Ukiona haya kumwambia, mpe barua hii aisome mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Ni mimi dada yako,
Zaituni