Wanasema Nimebatizwa Maji Mengi

Jumatatu, 9 Februari 2026

Tumsifu Yesu Kristo, Malaika wangu Mlinzi. Hali yako? Mabawa mazima? Mimi si mzima sana, ndiyo maana nakuandikia. Sala za mdomo siku hizi zinakatika njiani, naanza Salamu Maria naishia kuwaza mguu.

Ni muundi, wa kushoto. Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha ufa mwembamba kama uzi. Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi cherehani, uzi mwembamba hivyo hata dukani haupo. Hakucheka. Kasema hakuna kukimbia mpaka mfupa ushikane.

Wewe unajua tulivyopatana na mume wangu, Baba Sabina. Presha ilikuwa imenipanda mpaka naona nyota mchana. Alipokubali nijiunge na jogging, alisema mbele ya mama yake: siku utakayoumia ndiyo mwisho, mama mzima huwezi kwenda kuvunjikia barabarani. Nikasema sawa. Sasa presha imeshuka, nalala, nacheka. Nikikimbia na wenzangu hapa Igogo najisikia mtu kati ya watu. Akijua kuhusu huu muundi — basi, imekwisha.

Bahati nzuri, yeye anafundisha Sengerema. Anaondoka Jumapili na kivuko, anarudi Ijumaa. Katikati hapo tunabaki mimi na mguu.

Anayejua ni Nurdin peke yake, kijana anayetufundisha jogging. Kasema: mama, usikate tamaa, kuna mbio za majini.

Jumatano, 11 Februari

Nimekimbia ziwani!

Si kuogelea, kuogelea sijui. Nimeshona mkanda wa kitenge, ndani nimejaza vipande vya boya, nikaufunga kiunoni. Juu fulana nyeupe, chini suruali na kanga juu yake, maana heshima haibaki ufukweni. Tumekwenda Luchelele, kwenye kina, mbali na magugu kwa ajili ya kichocho. Miguu haigusi chini. Unasimama wima, goti juu, mikono inakata kama uko barabarani. Mwanzoni Nurdin alinishika mabega, maana nilikuwa nampigia kelele Bikira Maria. Halafu akanifunga kamba kwenye mtumbwi uliotia nanga, nisichukuliwe.

Mguu hauumi kabisa! Ila Malaika, sijawahi kuchoka namna hii. Unakimbia, unakimbia, unainua macho — jiwe lilelile. Ndege yuleyule juu yake, anakutazama. Kamba inavuta, unarudi. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini.

Akina mama wanaoanika dagaa waliacha kazi. Mmoja kauliza, huyo anakimbilia wapi? Mwenzake: Ukerewe! Atafika Krismasi. Wakacheka wakagongeana mikono. Na mimi nikacheka, nikanywa maji ya ziwa.

Ijumaa, 13 Februari

Baba Sabina karudi. Nimetembea sebuleni polepole kama bibi harusi, nisichechemee. Kasema, leo una madaha!

Ee Mungu.

Jumanne, 17 Februari

Leo ziwa lilichafuka. Wimbi lilinifunika kichwa chote. Nurdin kanikamata, kaniinua. Nilipopata pumzi nikanyoosha mikono juu nikapaza sauti — Asante Yesu! Asante Yesu! — ufukwe mzima ulisikia.

Kutazama pembeni, Selina, katibu wa jumuiya yetu. Alifuata dagaa. Nikampungia mkono. Hakupunga. Nikadhani jua limemwingia machoni.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Kanisani Selina kanipisha kwenye benchi. Na wengine wakanipisha. Wamenipisha mpaka benchi lote likabaki langu.

Baada ya misa katekista Josephat kaniita pembeni. Mama Sabina, kasema, wewe ndiye mwenyekiti wetu wa jumuiya. Ni kweli umebatizwa maji mengi?

Kwanza sikuelewa. Halafu nikaona, kama mtu kanifungulia dirisha. Pale pale Luchelele lile kanisa jipya linazamisha watu wake. Fulana nyeupe. Mchungaji anashika mabega. Mtu akiibuka ananyoosha mikono, anashukuru. Hata mimi ningejiona, ningesema huyu katuacha!

Nikasema, sijabatizwa. Josephat kasema, vizuri, sasa na yule mchungaji mlikuwa mnafanya nini majini?

Nikisema mbio, ataniuliza kwa nini si barabarani. Nikisema muundi — Josephat na Baba Sabina wanaimba besi pamoja, kabla ya jua kuzama Sengerema nzima inajua. Nikasema nitaeleza. Kasema, basi mama, mpaka ueleze, usikomunike.

Sijawahi kubaki kwenye benchi wenzangu wakienda mezani. Kamwe.

Alhamisi, 19 Februari

Nimempigia Nurdin. Kacheka mpaka kakohoa. Mimi? Mchungaji? Mama, bibi yangu akisikia huko Ujiji, nitasomewa albadiri! Waambie mimi ni Nurdin, swala tano.

Nikamuuliza: na mimi nilikuwa nafanya nini majini asubuhi yote ile na Nurdin swala tano, ananishika mabega?

Kaacha kucheka. Halafu kasema, basi mama, bora mchungaji.

Leo sikwenda majini. Mguu umekaa chini ya cherehani unanitazama.

Ijumaa, 20 Februari

Njia ya Msalaba. Piga magoti, simama, piga magoti. Muundi ulianza kusema pale Bwana anapoanguka mara ya kwanza. Alipoanguka mara ya tatu nilikuwa nimeng'ang'ania benchi, jasho linashuka mpaka kwenye macho. Watu waliona nalia dhambi zangu. Mama mmoja kanipa leso.

Nyumbani Baba Sabina kafunga mlango. Josephat alishampigia tangu juzi. Ni kweli umezamishwa? Hapana. Basi ulikuwa unafanya nini?

Nilisubiri afoke. Hakufoka, Malaika. Kakaa, kavua viatu, kasema: kama ni kweli, nimekusamehe. Kosa ni langu. Nakuacha peke yako wiki nzima, hao watu wanakuja na maneno matamu, na wewe una moyo mwepesi. Halafu kafungua begi, katoa raba. Mpya! Za bluu, kazinunua Sengerema. Kasema, wale wa jogging angalau hawazamishi mtu. Kimbia, Mama Sabina. Kimbia mpaka uchoke, ila ubaki kwetu.

Nimelia mpaka nikapata kwikwi. Kadhani ni toba. Kanikumbatia.

Jumamosi, 21 Februari

Wako sebuleni. Josephat, Selina, Baba Sabina. Niko jikoni, nimesema nachemsha chai. Naandika nimesimama.

Josephat kaeleza kwa upole kabisa. Leo jioni niungame kwa Paroko. Kesho nisali Nasadiki mbele ya jumuiya, nimerudi kundini, nakomunika, na uenyekiti wangu uko palepale. Hakuna atakayeuliza tena habari za Luchelele. Selina kalia. Kasema, mwenyekiti wetu, tamka tu, nilikosea, neno moja tu! Ananipenda, yule. Angekuwa adui ningejua la kumjibu.

Umeona walivyonipanga? Nikikubali dhambi nisiyoitenda, kila mtu ananisamehe. Ila nitakuwa nimeingia kwenye kitubio, mbele ya Mungu, na uongo mdomoni. Nikisema kweli, dhambi hakuna — ila muundi unatoka nje, na neno nililompa mume wangu linatoka nje pamoja nao, na sikimbii tena mpaka kufa.

Na kuna lingine. Baba Sabina kashawaambia: tukimaliza hapa namtoa mwenyewe barabarani. Atakimbia Igogo yote, mimi nyuma na baiskeli, watu wamwone kwamba ni yule yule wetu. Kapiga magoti kanivisha raba mbele ya wageni. Alipokaza kamba kidole chake kikagusa muundi. Nikauma mdomo. Kaniangalia. Zinakubana? Nikasema hapana, zimenikaa vizuri.

Zimenikaa vizuri sana. Ndizo nilizovaa sasa.

Chai imechemka, imemwagika, nimeiongeza maji. Ningetoka kupitia uani, lakini mlango wa uani upo sebuleni, nyuma ya kiti cha Josephat. Baba Sabina anaita: Mama Sabina, wageni wana kiu, na jua linapanda!

Malaika wangu, sijawahi kukuharakisha. Leo nakuomba unijibu mapema, hata kwa neno moja. Nimeshashika sinia.