Pasipoti ya Kulwa

Kitwe, Zambia
3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo Ipole? Tumbaku mmeshauza? Mimi mwili mzima, ila moyo umekufa ganzi. Tumemzika mume wangu Jumamosi. Palepale makaburini, shemeji akanitamkia kwamba mwanangu Shukrani atabaki kwao, na kama kwetu wana neno, waje kwenye kikao Jumapili. Mama, mtoto ana miaka minne! Mtume kaka Kulwa upesi, ndiye mwenye pasipoti. Asimame mtu wa kwetu anisemee.

Binti yako,
Elieth

Ipole
4 Juni 2024

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Pole, pole tena mama yangu. Nakuandikia kwa simu ya jirani yetu, Zuena. Kulwa ameanguka malaria, hata kusimama hawezi. Usihofu, nimempandisha Doto basi la Mbeya na pasipoti ya Kulwa mfukoni. Unajua nilivyowalea pacha wangu. Nikimshonea mmoja shati, na mwenzake nilimshonea. Akiugua mmoja, dawa walikunywa wote, ndivyo bibi yako alivyoniagiza. Pasipoti nayo ni yao wote. Wewe mwenyewe mpaka leo unawachanganya, sembuse askari wa mpakani?

Mama yako

Ipole
8 Juni 2024

Elieth mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Doto amekamatwa mpakani Tunduma! Wamemwambia aweke vidole kwenye kioo, mashine ikakataa, eti si vidole vya Kulwa. Jamani! Wamelala tumbo moja, vidole wametofautiana wapi? Kulwa akaamka na homa yake, akaenda kuwaeleza kwamba pasipoti ni yake na ametoa kwa moyo mmoja. Naye wakamweka ndani! Kuazimana pasipoti kumbe ni kosa la wote wawili. Wanangu wako rumande, na aliyewatuma ni mimi. Nimeishiwa akili. Usingoje kikao, mbebe mtoto uje nyumbani.

Mama yako

Nakonde, mpakani
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Jana nilimfunga Shukrani mgongoni, nikawaaga wakwe kwamba naenda sokoni, tukapanda basi. Tumefika salama, Tunduma naiona kwa macho. Afisa ameitazama pasipoti yangu, akaona iko sawa, kisha akauliza ya mtoto iko wapi. Mama, sikujua! Nilidhani mtoto wa mgongoni anapita na mama yake. Kumbe anatakiwa awe na yake, na barua ya baba kumruhusu. Nikasema baba yake tumemzika juzi. Akanijibu taratibu, kwa huruma kabisa, kwamba basi ukoo wa baba ndio waandike.

Anasema mimi niko huru kwenda. Mama, niende wapi? Nimekaa chini kando ya geti, Shukrani ananiuliza mbona hatuvuki, na mimi sivuki bila yeye.

Shemeji amepiga simu sasa hivi. Ameshajua tuko hapa. Yuko njiani.

Binti yako,
Elieth