Vipande Vilivyofutwa Majina

Jumatatu, 3 Machi. Kitale

Stima imepotea tena asubuhi. Iliporudi, seva ikagoma kuamka. Barasa wa Matulo, tuliyesoma naye chuo, sasa fundi wa mizani za miwa, akanionyesha amri ya kuiamsha kwa simu. Nimeiweka kwenye folda yangu na kuiita "ya Barasa". Folda yote iko hivyo. Kila amri, kila maelezo ya kutayarisha kompyuta mpya, ina jina la aliyenipa. Nimeiga kwa mama. Kwake mbegu ya maharagwe huitwa kwa jina la jirani aliyeitoa, ili ikikataa kuota ujue utamuuliza nani.

Na penye hatari nakemea kama mama pia. "Wewe! Umeweka bakapu, nakala ya akiba? Kama bado, toka hapa." Wenzangu wanacheka. Wacha wacheke. Hakuna aliyewahi kupoteza data akifuata folda yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Wafula, mkubwa wa ofisi yetu ya Bungoma, ameiomba folda. Ati awasaidie watengenezaji programu wapya. Nimempa yote. Miaka ya kuokota kipande kimoja kimoja. Nimefurahi, sitajidanganya.

Jumatatu, 10 Machi

Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Wafula ametuma mwongozo kwa ofisi zote. Kurasa za rangi, jalada maridadi. "Umeandaliwa na Wafula." Ndani ni folda yangu, amri kwa amri. Jina la Barasa, hakuna. Langu, hakuna. Makemeo nayo ameyang'oa, ati hayana sura ya ofisi. Mkurugenzi amemsifu kwenye kikundi cha WhatsApp, na wote wakampigia makofi. Nimeyatazama makofi hayo hadi chai ikapoa.

Nilimpigia simu. "Hiyo ni kazi ya kampuni, dada. Tusiwe watu wa jina jina." Na lake liko kwenye jalada, kubwa kama bango la mkutano wa injili!

Mwizi. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu kwingine sina pa kulisema. Mwizi wa mchana.

Jumatano, 12 Machi. Usiniulize kama nimekula

Nekesa amepiga simu kutoka Bungoma akilia. Ni msichana mgeni kazini, ametoka chuo juzi tu. Alitumwa asafishe data ya majaribio. Akafungua mwongozo wa Wafula, akafuata hatua kwa hatua kama alivyoagizwa, akafika kwenye amri ya kufuta.

Kwangu, juu ya amri hiyo kuna kemeo refu kuliko yote. Simama. Tazama uko kwenye data gani. Kama ni ya wateja, ondoa mkono. Kwa Wafula kuna amri tupu. Msichana wa watu akaibonyeza, kumbe yuko kwenye data ya wateja. Rekodi za uzani wa miwa za wakulima wa Kabuchai, msimu mzima, zimeenda. Bakapu nayo haikuwekwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia aiweke.

Mtu anaweza kung'oa kibao cha "mbwa mkali" kisha akajisifu kwa lango safi?

Alhamisi, 13 Machi

Sasa ona maajabu. Wafula amemwandikia mkurugenzi barua pepe, nami nimewekwa kwenye nakala. "Maelezo hayo kwa asili ni ya Chemutai wa Kitale. Mimi nilipanga tu."

Kumbe jina langu analijua! Zilipokuwa sifa, tusiwe watu wa jina jina. Imekuwa lawama, limepatikana upesi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikalia.

Naitwa Bungoma kesho nijieleze. Nekesa amekatazwa kugusa kompyuta mpaka uamuzi utoke. Folda yangu ikishaitwa sumu, hakuna atakayeifungua tena. Na yeye atafukuzwa kwa kosa ambalo lilikuwa na kinga, ikafutwa.

Ijumaa, 14 Machi. Bungoma

Sikusema mengi. Niliweka folda yangu na mwongozo wake sambamba ukutani kwa projekta, kila mtu aone. Mkurugenzi akalisoma kemeo kwa sauti, hadi "ondoa mkono".

"Si nilitoa tu maneno ya kijijini, bana," Wafula akasema.

Nikamwambia hayo ya kijijini ndiyo yanayoshika mkono wa mtu.

Chini ya kemeo paliandikwa "ya Barasa". Amri hiyo ya kufuta nayo ni yeye aliyenipa. Basi tukampigia Barasa, kwani jina linawekwa kwa ajili ya nini? Akauliza kitu kimoja: mashine ya mizani kule Kabuchai, imefutwa pia? Haikuwa imefutwa. Mashine hiyo hubaki na nakala ya kila mzigo inaoupima kabla ya kuutuma kwetu, na sisi wote ofisini tulikuwa tumesahau. Nikamwomba mkurugenzi amruhusu Nekesa akae kwenye kompyuta. Akakubali, na Nekesa akaandika mwenyewe amri ya kuvuta rekodi kutoka kwenye mizani. Amri haikuwa na kasoro. Kufikia jioni miwa yote ilikuwa imerudi.

Nekesa amebaki kazini. Mwongozo wa rangi umeondolewa. Mkurugenzi ameagiza folda itumike kama ilivyo, makemeo na majina yake. Hasira haijaisha, lakini leo nitalala.

Jumapili, 16 Machi. Kitale

Baada ya kanisa nimepata ujumbe wa Wafula. Anaomba radhi, kiasi. Halafu anauliza kama jina lake nalo linaweza kuingia kwenye folda, maana na yeye alichangia.

Nimetafuta kipande alichowahi kunipa. Sijaona hata kimoja.

Nimeingiza kipya: jinsi ya kurudisha rekodi kutoka kwenye mizani. "Ya Nekesa."

Kisha nikarudi kwenye amri ya kufuta. Juu ya kemeo nimeongeza mstari mmoja: "Ukiibonyeza bila kusoma haya, hiyo si ya Barasa tena. Ni ya Wafula."

Nimemjibu kwamba jina lake limeingia.

Mama ananiita. Udongo umelowa vizuri. Kesho kabla ya kazi tunapanda maharagwe ya Mama Simiyu.