Bati, Upepo na Jibu la Babu

Mjukuu wangu Poni,

Natangaza rasmi: kuku wa nyanya yako ametaga juu ya redio yangu. Sisi wengine tu wazima.

Unauliza, gari la mashindano likipewa injini yenye nguvu mara mbili, litakimbia mara mbili? Tuliporudi Juba kutoka Uganda, niliomba kazi gereji, na bosi akaniuliza hilohilo.

"Ndiyo, mara mbili!" nikajibu.

Fundi Lado akacheka. "Msomi, hebu beba bati kwa baiskeli kwanza."

Nikabeba. Kila nilipozidisha mwendo, upepo ulizidi kulisukuma bati na kunirudisha nyuma, mpaka ukaniangusha.

Huwa najigamba kwamba hapo hapo nilikokotoa jibu: mwendo huongezeka kwa robo tu, nguvu nyingine humezwa na upepo. Ukweli, hesabu hiyo niliijua miaka mingi baadaye. Siku ile nilirudi na matope magotini, nikasema, "Bosi, sijui." Akaniajiri nifagie, nimsikilize Lado.

Babu yako