Spika ya Katikati

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe kama naongea na rika langu.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako. Sikukichagua. Mama ndiye aliyeniambia nikikalie baada ya matanga, eti kikiachwa wazi kinamtazama. Kila mgeni akiingia anasema nimeziba pengo la baba, nami natabasamu huku natamani kutokea dirishani.

Deki yako ipo. Spika zako ziko vilevile ulivyozipanga: mbili kando ya televisheni, mbili nyuma ya makochi, sabufa pembeni, na ile ya katikati chini ya televisheni, uliyoniambia ni ya maneno. Kaka Elibariki hukumruhusu kuzigusa, ulisema hana subira, atakuunguzia. Mimi ndiye niliyekusomea menyu ya Kiingereza, wewe umefumba macho hapa kitini, na ile sauti ya majaribio, shhh kama mvua kwenye bati, ikihama kutoka spika moja hadi nyingine. Ulikuwa unanyoosha kidole inakotokea. Moja ikizidi unasema, "Punguza huyo, anaongea kuliko wenzake." Ulipima kwa nyayo kutoka kitini hadi kila spika, nami nikaijazia mashine vipimo hivyo, ili sauti zote zikufikie wewe kwa pamoja. Aliyekaa kochi lingine alisikia kwaya upande upande. Mama alisema huo ni uchoyo, ukacheka mpaka ukakohoa.

Basi sasa zote zinanifikia mimi.

Mazishi yako yalirekodiwa, Baba. Mpiga video alituletea CD, na desturi unaijua: anayekuja kutoa pole na hakuwahi mazishi, lazima aoneshwe. Anakuja na sukari yake, anakunywa chai, kisha Mama anasema, "Neema, tuwekee Baba." Nakuweka. Jeneza linatolewa, kwaya ya usharika inaimba, na wanawake wanalia nyuma ya makochi mpaka wageni wanageuka kutazama. Halafu inafika zamu ya neno la shukrani la familia. Elibariki ameshika kipaza sauti, anafungua mdomo, machozi yanamshinda, ananipa mimi. Sikuwa nimeandaa kitu. Nilitazama kaburi lako nikasema, "Baba, nenda kwa amani. Mama hatabaki peke yake. Nitarudi nyumbani nikae naye." Umati wote ukaitikia Amina.

Mdomo uliponza kichwa.

Nilisema kweli, na kwa uchungu wa siku ile ningesema tena. Lakini uchungu umepungua, maneno yamebaki kwenye CD. Yanatoka katikati, yananipiga usoni, kwa sababu kiti hiki ulikipangia hivyo. Wageni wananigeukia. "Ahadi ni deni," mmoja aliniambia, "na wewe unalilipa vizuri." Mama huwa ananiambia niongeze sauti hapo. Naongeza.

Elibariki amerudi kazini kwake Dodoma, Jumapili anapiga simu kunishukuru. Fremu yangu ya ushonaji pale Sakina, mjini nilikokuwa nafanya kazi na kulala, imefungwa, vyerehani nimevifunika shuka. Mwanzoni wateja walinipigia, wengine kwa ukali, maana sare za harusi hazisubiri. Sasa hawapigi, na kimya hicho kinaniuma kuliko ukali wao. Nakata majani ya ng'ombe, napika, nasubiri hodi. Nisamehe, Baba. Nyumba hii naipenda, lakini asubuhi nikifumbua macho nikaliona dari lake, kifua kinabana. Mama nampenda pia. Ila najikuta namkasirikia kwa jinsi anavyokunywa chai, anapuliza, anapuliza, kana kwamba hatuna pa kwenda. Na kweli hatuna.

Wiki hii binamu yake Mama wa Oldonyo Sambu alituma salamu kwamba Jumamosi atakuja na wakwe zake. Nikasema moyoni, hawa hawatanisikia.

Jumamosi asubuhi Mama alipokwenda kukamua, nikaingia kwenye menyu, upande wa spika, nikaizima ile ya katikati. Nikaweka CD nijaribu. Baba, sauti yangu haikupotea, ilihama! Mashine ilipoambiwa haina spika ya katikati, ikachukua maneno yangu ikayagawa kwa zile mbili za kando. Sasa nilikuwa naahidi kulia na kushoto. Nilicheka peke yangu hapa, kisha nikalia, sijui kipi kilianza kuisha. Ndipo nikakumbuka siku uliyofagia nyuma ya televisheni ukachomoa waya bila kujua, mhubiri akawa anatupungia mikono bila neno hata moja, nawe ukamlaumu mpiga video. Nikarudi kwenye menyu, nikaiambia mashine spika ipo. Halafu nikauchomoa waya.

Wageni walifika na kibuyu cha maziwa. Wakala loshoro ya mahindi na mtindi, wakasifu ulivyokuwa mtu wa watu, kisha Mama akasema, "Neema, tuwekee Baba." Kwaya ikasikika kwa mbali, vilio vikaja kama kawaida. Sura yangu ikatokea, mdomo ukafunguka, ukafumba, hakuna kitu. Na baada ya kimya hicho, nyuma ya makochi, watu wakaitikia Amina. Binamu yake Mama akauliza kama CD imekwaruzika. Nikasema labda. Mama hakunitazama. Alitazama televisheni hadi mwisho, akawashukuru wageni, akawasindikiza hadi barabarani.

Aliporudi hakukaa. Akasema, "Umejizima." Nikakubali, nikainamisha kichwa kusubiri maneno. Nilidhani ataniuliza nimechoshwa na nini, ataniambia wewe ungeona aibu, atampigia Elibariki. Akaegemea mlango, akalipumzisha lile goti lake linalomsumbua.

"Neema, ulimwahidi baba yako," akasema. "Mimi hukuniuliza."

Baba, muda wote huu nimemwona yeye ndiye aliyeshika ufunguo, kumbe tumefungiwa wote wawili. Nikamuuliza mbona huwa anataka niongeze sauti. Akasema alitaka wageni wajue kwamba mimi ni mtoto mwema, nisije nikakaa bure bila hata kusifiwa. Yeye mwenyewe, akasema, amechoka kulia kwa ratiba ya wageni.

Nikamuuliza anataka nini hasa. Akafikiri, mpaka nikadhani amekasirika.

"Sijui," akasema. "Tangu niolewe hakuna aliyeniuliza."

Kisha akaanza kusema kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Anataka kulala peke yake ndani ya nyumba yake aone ikoje. Anataka kula viporo bila mtu kumpikia. Majani ya ng'ombe atayafikiria. Akasema, "Jumatatu kafungue fremu yako. Ukirudi jioni utanikuta. Usiporudi, utanikuta kesho yake."

Ningependa kukwambia kwamba kifua kimefunguka. Bado. Goti lake lile unalijua, na ng'ombe hana habari na mazungumzo yetu. Nilikuwa naogopa kubaki, sasa naogopa kuondoka, na woga huu wa pili sikuutegemea. Usiku nitakaokuwa Sakina nitajua kwamba amelala huku bila mtu wa kumsikia akianguka. Hicho nacho ni kifungo, ila angalau mlango nitakuwa nimeufunga mwenyewe.

Sasa nakuaga, Baba. Ile ahadi niliyokupa kaburini naomba uniachie. Haikuwa yangu kuitoa wala yako kuipokea. Nakupa nyingine hapa kwenye karatasi, pasipo kipaza sauti wala wa kuitikia: nitamuuliza Mama kwanza, na nitasubiri jibu lake hata likichelewa. Pumzika. Usituhangaikie.

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani. Nilikuwa nimelitoa begi langu kubwa, yeye akapaza sauti kutoka jikoni kwamba nichukue lile dogo, maana bado hajaamua. Nimechukua dogo.

Mwanao,
Neema