Éphraïm alishindwa akiwa mabegani mwetu

Fiston, usinipigie, soma tu. Éphraïm amepoteza nafasi ya kwenda Kampala. Amepoteza akiwa juu ya mabega yetu!

Unajua mchezo wao: baiskeli mbili zinateremka sambamba, kila mutu njia yake, wakizunguka vijiti. Kisha wanabadilishana njia, wanateremka tena, na muda wa mara zote mbili unajumlishwa. Sisi tulimuona anamuacha mwenzake nyuma kabisa, tukasema basi, ameshinda.

Tukamnyanyua. Wamama wa korali wakaimba, tukampeleka hadi barabara kubwa. Alikuwa anapiga kelele, anatupiga vichwani. Tulidhani ni furaha!

Kule juu wakamwita mara tatu kwa mteremko wa pili. Mwenzake akateremka peke yake, polepole, kama mutu anayeenda sokoni. Akashinda.

Éphraïm akarudi mbio kwa muamuzi. "Papa, nilikuwa hapo chini tu!"

Muamuzi akafunga daftari. "Asiyefika kwenye mstari ameshindwa, kijana."

Sasa amekaa, kofia ngumu ingali kichwani. Mimi tu aliniambia: "Nililia munishushe. Wewe ukasema, tulia, bingwa."

Fiston, nilisema hivyo kweli. Tena nikaongeza mwendo.